Midomo ya Kipupwe

Harufu ya sweta lililolowa ukungu, kisha likakaushwa juu ya moshi wa kuni za miwati, hainipiti hivi hivi. Juzi nilikuwa Lushoto mjini, nimesimama kwenye foleni ya kitambulisho, akaingia binti wa sekondari mabega yakimtoka mvuke. Harufu ikanifikia kabla sijamwona uso. Nikasahau foleni, nikasahau kitambulisho, mpaka mtu wa nyuma yangu akanigusa bega ili nisogee. Nilikuwa nimerudi kidato cha pili, kwenye shule yetu ya kata upande wa Vuga, ambako madirisha yalikuwa na nondo lakini hayakuwa na vioo, na ukungu uliingia darasani asubuhi bila kubisha hodi.

Wewe uliyekulia pwani huenda usiniamini nikikwambia kuna watoto katika Tanzania hii wanaosoma huku meno yanagongana. Basi njoo kwetu mwezi wa saba. Chaki zinanyonya unyevu na kukatika mikononi mwa walimu, wino wa kalamu unagoma, na kila mwenye shingo anaifunga. Kina mama wanajitanda kitenge juu ya khanga, wazee wanavaa makoti ya mitumba yaliyokwisha kuona theluji kabla ya kuja kwetu, na walimu wanazungusha skafu mpaka yanabaki macho na pua. Wenzangu wakati huo walikuwa wakikohoa tu. Mimi nilikuwa nageuka mjinga. Kila mwaka kipupwe kilipoingia nilishika mkia, na jua liliporudi nami nikarudi katikati ya darasa.

Nikwambie jambo moja mapema ili tusipotezane njiani: mimi sisikii vizuri. Utotoni masikio yangu yalikuwa yakitoa usaha, bibi akiyatia mafuta ya vuguvugu, na siku usaha ulipokoma sauti nyingi nazo zilikuwa zimeondoka. Hakuna aliyejua. Mimi mwenyewe sikujua, maana mtoto anadhani dunia aliyo nayo ndiyo waliyo nayo wote. Nilidhani kila mtu anamtazama mwenzake mdomoni ili ajue anasema nini. Nilijifunza midomo ya mama, ya baba, ya bibi, ya walimu wa shule ya msingi, na nikawa nasoma Kiswahili na Kishambaa kwenye nyuso za watu bila kujua kwamba hicho ninachofanya kina jina.

Tatizo lilikuwa salamu. Kwetu nyumba zimekaa mgongoni mwa milima, na mashamba yameshuka ngazi ngazi mpaka mtoni. Mtu akiwa kwenye kabichi zake upande huu anamwona jirani yake kwenye maharage upande ule, na si adabu kumwona mtu ukanyamaza. Kwa hiyo asubuhi watu wanaitana bondeni, "Onga makeo!" na upande wa pili unaitikia, zinaulizwa habari za nyumba, za watoto na za ng'ombe, ndipo kila mtu anainama kulima. Mimi, mzee angeniita kutoka ng'ambo, ningeendelea kushuka na ndoo yangu kichwani. Jioni baba angepata taarifa kwamba binti yake amempita Mzee fulani kama jiwe.

"Huyu mtoto ana kiburi," bibi alikuwa akisema. "Na baridi ndiyo inampandisha."

Bibi hakuwa mkorofi, alikuwa anasema alichokiona. Jua likiwaka niliamkia watu vizuri kabisa, shikamoo zangu zilikuwa za kupiga goti. Watu wakifunika midomo, heshima inaniishia. Baba alijaribu maneno, akajaribu fimbo, na mwisho akajaribu kunyamaza, jambo ambalo liliniuma kuliko fimbo. Mama peke yake hakuwahi kuniita kwa mbali. Alikuwa akija mpaka nilipo, ananishika kidevu, ananigeuza, ndipo anasema lake. Nilidhani ni mapenzi tu ya mama.

Sekondari ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Masomo yakageuka Kiingereza, na midomo yote niliyoizoea ikaanza kufanya vitu vigeni. Fikiria umezoea njia ya kwenda kisimani, halafu usiku mmoja mtu anakuja kuihamisha. Wenzangu nao walihangaika na Kiingereza, tena sana, lakini wao walikuwa na masikio ya kuhangaikia. Mimi kidato cha kwanza nilikimaliza nikiwa chini kabisa. Katika ripoti, mwalimu wa darasa aliandika kwamba natazama sana lakini sielewi. Baba aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akasema bila hasira:

"Salima, mtihani wa kidato cha pili ukikushinda, utakwenda Magoma kwa shangazi yako. Atakufundisha duka. Si kila mtu ameumbiwa shule."

Shangazi alikuwa mtu mwema, na Magoma, huko chini kwenye joto, watu hawafungi skafu. Lakini nilikuwa naipenda shule kwa namna ambayo sikuweza kuieleza. Nilipenda vitabu kwa sababu vitabu havifuniki mdomo. Nilikuwa nikivisoma mpaka vya darasa la juu, nikielewa nusu, nikibahatisha nusu. Kwenda Magoma kulikuwa mwisho wa vitabu.

Mwaka uliofuata, nikiwa kidato cha pili na kipupwe kikiwa ndiyo kinaingia, akaletwa Madam Elineema. Alitoka Same, upande wa tambarare, na baridi ya kwetu ilimpokea vibaya. Siku ya kwanza aliingia darasani kajifunga skafu, kitenge na koti, akatufundisha Kiingereza huku anapiga chafya. Akaniuliza swali. Nikamkodolea macho. Akateremsha skafu apenge kamasi, akarudia swali, nikajibu. Akapandisha skafu, akauliza lingine, nikanyamaza. Akateremsha, nikajibu. Darasa lilidhani ni mchezo, kila mtu akafurahi. Madam peke yake hakufurahi. Alinitazama kwa muda mrefu mpaka nikaona aibu, nikainama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Saa ya mapumziko alinibakisha. Baadaye nilielezwa kwamba alisimama nyuma yangu akaniita jina, kwanza taratibu, kisha kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti iliyowafanya watu wa nje wageuke. Mimi nilikuwa nafuta ubao. Alipokuja mbele yangu macho yake yalikuwa na maji, nikadhani ni mafua.

"Salima," akasema, kaishusha skafu mpaka kidevuni, "wewe si mvivu, na huna kiburi. Masikio yako hayafanyi kazi vizuri. Hujawahi kuambiwa?"

Nikamwambia nimekuwa nikiambiwa kila siku kwamba sisikii. Akacheka na kulia kwa pamoja, akanikumbatia na makoti yake yote.

Kumbe Madam alikuwa amesomea elimu maalumu, na aliletwa kwetu ili aanzishe darasa la kuwasaidia wanafunzi waliokuwa wakibaki nyuma. Chumba alichopewa kilikuwa stoo ya majembe. Majembe yalihamishwa, ila harufu ya udongo mkavu na mbolea ikabaki. Wanafunzi wengine walipaita "wodini". Kengele ya mchana ikilia, wao wanakwenda mpirani, sisi wachache tunakatiza uwanja kuelekea stoo, na wapo waliokuwa wakituuliza kama dawa tumeshakunywa. Ilinichoma mwanzoni. Halafu nikagundua kwamba wodini kulikuwa na chai ya tangawizi, ambayo Madam aliichemsha mwenyewe kwenye jiko la mkaa. Hata waliokuwa wakitucheka walianza kupita pita mlangoni.

Kwenye darasa lile ndipo nilipompata Mwanaidi. Mwanaidi alikuwa na masikio ya paka. Alichosema mwalimu asubuhi angekirudia jioni, pamoja na kikohozi. Ila mpe ukurasa, herufi zinamkimbia. Angeliangalia neno moja mpaka jasho linamtoka, na neno likabaki limefungwa. Madam alitutazama siku mbili tatu, mmoja anaona hasikii, mwingine anasikia haoni herufi zimekaaje, akatukalisha tukitazamana magoti kwa magoti.

"Wewe mwambie alichosema mwalimu," akamwambia Mwanaidi. "Taratibu, na uso wako juu. Na wewe Salima msomee kilichoandikwa, mpaka akione."

Hivyo ndivyo tulivyosoma. Mwanaidi alinifundisha historia kwa mdomo wake mpana, akiwaiga walimu mpaka kwa mikono. Mimi nilimsomea jiografia kidole kikiwa chini ya neno, neno baada ya neno, mpaka yeye akaanza kuyakamata mwenyewe. Tulikuwa tukigombana pia. Alidhani mimi namharakisha makusudi, nami nilidhani yeye anageuza uso makusudi. Madam alikuwa na kioo kidogo cha mkononi, na kwa kioo hicho alinifundisha midomo ya Kiingereza. Alinionyesha sauti ambazo ulimi unachungulia kati ya meno, na sauti ambazo meno ya juu yanagusa mdomo wa chini. Kwetu wengi tulikuwa tukisema "selasini" badala ya thelathini, kwa hiyo kutoa ulimi nje kulitushangaza wote, na Mwanaidi alikuwa akitoa wake mpaka kidevuni.

Madam alikuja nyumbani pia. Aliamkia wazee mmoja mmoja, akanywa chai, akasifu karoti za mama, ndipo akamweleza baba. Baba hakuamini. Akasimama nyuma yangu, akaniita. Niliambiwa na mama kwamba aliita, akaita tena, halafu akakaa chini kwenye kigoda. Tangu siku hiyo alikuwa akija mbele yangu ndipo anaongea. Lakini la Magoma hakulifuta.

"Kama hasikii, Mwalimu, atafaulu vipi?" alimwuliza Madam mlangoni, nami nikausoma mdomo wake. "Nisimtese mtoto bure. Tuone mtihani utasemaje."

Ikabaki hivyo. Mtihani ndio utakaosema.

Madam akawaomba walimu wote wafunue midomo wakiwa wanafundisha, na wasiongee wakiwa wameupa ubao uso. Si ombi dogo hilo, kwenye vyumba vile visivyo na vioo. Mwalimu wa historia alilalamika kuhusu mafua yake mpaka mwisho wa kipupwe, lakini alifunua. Wa baiolojia alifunua. Wa Kiswahili alikuwa hafuniki tangu zamani, maana alipenda sana kuonekana akitamka. Kidogo kidogo nikaanza kusimama. Niliona maneno yakija, mengine yakinipita, lakini yakija. Siwezi kukueleza furaha ile. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka macho kana kwamba nimeshinda nikipepeta mahindi kwenye upepo, na bado nikitamani kesho ifike.

Akabaki mmoja, Mwalimu Shemweta wa hesabu.

Mwalimu Shemweta alikuwa kijana, mrefu, mkali, na alitoka Mtae, huko juu kabisa ambako barabara inachoka na upepo haulali. Skafu yake ilikuwa ya kijivu, na hakuivua hata miezi ya jua. Sisi wanafunzi tulikuwa na maelezo yetu. Wapo waliosema watu wa Mtae wanazaliwa na skafu. Wapo waliosema anaficha ndevu mkuu wa shule asizione. Alikuwa akifundisha haraka, kwa sauti ambayo nilielezwa kwamba ni nzuri, na mimi kwenye vipindi vyake nilitazama kitambaa kikipanda na kushuka. Hesabu ubaoni nilikuwa nanakili vizuri, lakini kwa nini namba hii imekuwa ile, hiyo ilikuwa ndani ya skafu.

Mwanaidi alijitahidi. Tatizo, yeye mwenyewe hesabu haikumkaa. "Amesema hivi," angeniambia, anakunja uso, "ikivuka alama ya usawa inabadilika. Iliyokuwa ya kuongeza inakuwa ya kutoa. Usiniulize kwa nini, labda inaogopa." Tungecheka, halafu tungetazama ukurasa, na kicheko kingeisha. Kwenye majaribio nilikuwa nikifaulu masomo mengine kwa shida shida, na hesabu nikipata sifuri. Madam alipiga mahesabu yake, akaniambia ukweli bila kuufunika sukari. Nikianguka hesabu namna ile, masomo mengine hayatanibeba.

Siku moja mchana nilikuwa nje ya ofisi ya walimu, nimetumwa maji ya kunawia. Kupitia dirishani nikamwona Madam amesimama mbele ya Mwalimu Shemweta. Sikupaswa kutazama, lakini mtu kama mimi akiona mdomo unaongea, macho yanakwenda yenyewe. Nikausoma upande mmoja wa mazungumzo, maana upande wa pili ulikuwa umefungwa skafu.

"Si kwa ajili yangu," Madam alikuwa akisema. "Ni mtoto mmoja tu, na ana akili. Mtihani uko karibu."

Skafu ikapanda na kushuka.

"Baridi hata mimi naisikia," akasema Madam, na sasa alikuwa amekunja uso. "Wote tumekubali, isipokuwa wewe."

Hapo Mwalimu Shemweta akageukia ukutani, akanipa mgongo. Niliona kiwiko chake kikisogea. Uso wa Madam ukabadilika. Ukali wote ulimtoka, akaweka mkono kifuani.

"Samahani sana, Mwalimu," midomo yake ikasema. "Sikujua. Basi, yaishe. Nitatafuta njia nyingine."

Niliondoka na ndoo yangu, maji yakinimwagikia miguuni. Nilikuwa nimeelewa neno moja tu, kwamba yameisha. Nilimchukia Mwalimu Shemweta kwa moyo wangu wote. Nilijiona tayari nimekaa Magoma kwenye benchi la duka, nafukuza nzi kwenye sukari. Usiku huo mama aliniuliza kwa nini sili, nikamwambia tumbo.

Kipindi cha hesabu kilichofuata kilikuwa asubuhi, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba waliokaa nyuma waliuona ubao kwa taabu. Mimi nilikaa mbele kabisa, mahali Madam aliponihamishia. Mwalimu Shemweta akaingia, akaweka vitabu mezani. Akasimama. Kisha akafungua skafu, akaizungusha kichwani mara moja na mara ya pili mpaka ikamwisha shingoni, akaikunja, akaiweka juu ya vitabu.

Nililiona pengo. Siwezi kusema sikuliona. Meno ya mbele ya juu hayakuwepo kabisa, na juu ya mdomo kulikuwa na kovu lililouvuta upande mmoja. Lakini mimi nililitazama kama mtu anayeingia nyumba mpya anavyotazama mlango uko wapi. Nilikuwa najiuliza, bila meno ya juu, zile sauti zinazogusa mdomo wa chini atazifanyaje? Nikakaza macho. Alinyamaza kwa muda, mkono wake ukiwa mezani, akinitazama mimi moja kwa moja. Nikamtazama. Halafu akaanza.

Na nikaelewa! Si yote, wala si siku hiyo hiyo. Mdomo wake ulikuwa na mazoea yake, ilibidi nijifunze kovu lile linavutia wapi. Lakini siku ile ile aliandika ubaoni, akageuka, akaonyesha kwa mikono pande mbili za mizani zilizolingana, na mdomo wake ukasema kwamba ukipunguza huku lazima upunguze na kule, la sivyo upande mmoja utazama. Kumbe hakuna kilichokuwa kinavuka wala kuogopa! Nilihisi kitu kikifunguka kifuani. Nilitaka kumgeukia Mwanaidi nimwambie, lakini sikuthubutu kuuacha mdomo ule hata kidogo.

Hakuivaa tena akiwa darasani kwetu. Alikuwa akija nayo, anaivua mlangoni, anafundisha, anaivaa akitoka. Mchana alianza kupita wodini, akakaa kwenye kiti cha jembe, kama tulivyokiita kile kiti kibovu cha stoo, akanywa chai ya tangawizi ya Madam na kurudia pale ambapo tumekwama. Mwanaidi naye alianza kuielewa ile mizani, na alifurahi sana kugundua kwamba namba hazibabaiki kama herufi. Tulifanya mtihani pamoja, sisi wa wodini tukiwa na chumba chetu na muda wa nyongeza ambao Madam alikuwa ameupigania. Matokeo yalipobandikwa, baba alikuja mwenyewe kuyatazama, akapitisha kidole kwenye karatasi mpaka akalifikia jina langu, na hakukiondoa kidole kwa muda mrefu. Kisha alishuka Magoma kumwambia dada yake atafute msichana mwingine wa duka. Alirudi na kilo za mchele, akatupikisha pilau, na bibi akatangaza kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Niliendelea mpaka kidato cha nne, nikaendelea mbele ya hapo. Leo mimi ni mpima ardhi, kazi ya pembe na milinganyo kutwa nzima, na kifaa cha kuniwezesha kusikia nilikuja kukipata nikiwa mtu mzima. Madam Elineema nimemshukuru mara nyingi. Amestaafu kwao Same, na kila nikipita nateremka na kapu la karoti na matunda damu, naye anajifanya kukasirika kwamba nimeleta mengi. Mwalimu Shemweta sikuwahi kumshukuru kama inavyopasa. Kichwani mwangu yeye alikuwa mkali aliyekataa, kisha akabanwa na wakubwa, akakubali. Nilimheshimu, nilipenda somo lake, basi. Mtoto hahesabu kilichotolewa, anahesabu alichopata.

Ile siku ya kitambulisho, harufu ya sweta ikiwa bado imenikaa puani, nilipita kwa Mwanaidi. Ana duka la mbegu na dawa za mimea karibu na soko, na vifungashio vyote anavisoma mwenyewe, polepole, kidole kikiwa chini ya neno. Tukakaa nje juu ya magunia. Tukakumbushana wodini, chai, kioo cha Madam.

"Na siku ile Mwalimu Shemweta alipovua skafu," akasema, akatikisa kichwa. "Mpaka leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze. Nilicheka na mimi."

"Mlicheka?"

"Salima! Darasa zima. Wengine walikuwa wakigonga madawati. Shaabani alilia kama mbuzi, mee, si unajua mbuzi hana meno ya juu. Watu wa darasa la jirani wakaja dirishani kuchungulia kuna nini, nao wakacheka. Ilichukua muda, mimi nakwambia. Wewe si ulikuwa mbele pale?"

Nilikuwa mbele pale. Nilikuwa nimewapa wote mgongo, macho kwenye mdomo mmoja. Kwangu mimi asubuhi ile ilikuwa kimya kabisa. Nikamwuliza Mwalimu alifanya nini.

"Hakufanya kitu," akasema Mwanaidi. "Alisimama tu, mkono mezani. Nilidhani atatoka nje. Alikuwa anakutazama wewe. Baadaye ndiyo tulisikia kwamba alianguka na pikipiki barabara ya Mtae akiwa bado chuoni, na uchumba wake ukavunjika kwa ajili hiyo. Na Madam alishamwambia aache, unajua? Alituambia mwenyewe siku tunamaliza, sisi tuliobaki shuleni wewe ulipokuwa umeshaondoka. Alisema hakumlazimisha. Alishangaa kama sisi."

Mteja akaja kuuliza mbegu za hoho, Mwanaidi akanyanyuka. Mimi nilibaki pale juu ya gunia nikilia mchana kweupe, watu wakipita na vikapu vyao. Kijana yule aliingia kwenye chumba kile akijua kitakachompata, hakuna aliyemwamuru, na kicheko kilipompata alitafuta mahali pa kuweka macho. Kilichokuwepo ni uso wa mtoto mmoja ambaye hakucheka. Sijui alidhani ni adabu yangu, au ni huruma. Hakuwa na njia ya kujua kwamba sikuwa nimesikia chochote, na kwamba nilikuwa namsubiri yeye tu aseme neno la kwanza.